MADIRISHA YA UMBO LA PEKEE: NAMNA YA KUYACHAGUA

Habari hizi zimeandikwa kwa ajili yenu mnaokaa katika vijiji vilivyo karibu na machimbo ya dhahabu, tangu Mongbwalu na Kilo hata Nizi, na katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Bunia. Wengi wenu hulima mihogo, mahindi na maharagwe, na tena katika jamaa moja huwapo kijana au baba anayechimba dhahabu. Mavuno yakiwa mema, au dhahabu ikipatikana, mtu hufikiri kujenga nyumba ya kudumu. Hayo ni mawazo mema. Tangu dhahabu ilipoonekana Kilo mwaka 1903, fedha nyingi zimepita katika mikono ya watu wa Ituri. Lakini fedha hupita upesi, na nyumba iliyojengwa vizuri hubaki.

Mtu anayejenga nyumba ya kudumu hutaka iwe na uzuri. Hutembea Bunia, akaona madirisha yenye kichwa cha upinde, na mengine ya mviringo kama mwezi mpevu, na mengine ya pembe tatu au pembe sita. Hurudi kijijini, akamwambia fundi, "Nifanyie kama lile." Hakuna ubaya katika kutaka uzuri. Lakini fundi hufanya alivyoambiwa, kisha huchukua ujira wake akaenda zake. Mwenye nyumba na watoto wake ndio watakaolala ndani.

Basi kabla ya kumwita fundi, jiulizeni maneno matatu. La kwanza: Je, dirisha hili litafunguka? La pili: Je, ni kitu gani kitakachobeba ukuta ulio juu yake? La tatu: Je, mtu ataweza kutokea humo siku ya hatari? Dirisha lisilojibu maneno haya matatu, hata likiwa zuri namna gani, ni pambo tu, na pengine ni pambo la kuleta msiba. Dirisha linaloyajibu ni jema, liwe la mraba au la upinde. Sasa tutayaeleza haya moja moja.

1. KAZI YA DIRISHA

Nyumba za zamani za nchi hii zilikuwa za mviringo, zenye paa la majani, na nyingi hazikuwa na dirisha. Zilikuwa na maana yake. Usiku wa Bunia una baridi, maana mji uko juu, karibu meta 1,250 kutoka usawa wa bahari. Tena paa la majani hupumua, na moshi hupenya polepole kati ya majani. Lakini nyumba ya siku hizi ina paa la manjanja na kuta za matofali. Manjanja hayapumui. Ukiijenga nyumba hiyo bila madirisha, au kwa madirisha yasiyofunguka, umejenga sanduku.

Dirisha lina kazi nne. Huingiza mwanga, ili mtoto asome na mama aone uchafu wa kufagia. Huingiza hewa safi. Hutoa hewa chafu na moshi. Na siku ya moto au ya hatari, ni mlango wa pili.

Katika hewa chafu ya nyumba huenea magonjwa ya kifua. Kifua kikuu hupita kwa hewa kutoka kwa mgonjwa anayekohoa hata kwa wale wanaolala pamoja naye. Chumba chenye hewa inayopita ni salama kuliko chumba kilichofungwa. Tena wako watu wanaoingiza mbabula yenye makaa chumbani usiku kwa sababu ya baridi, wakafunga mlango na dirisha. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu aliyelala haisikii, naye huenda asiamke tena. Msiingize mbabula katika chumba cha kulala, hata kama dirisha liko wazi. Blanketi la pili ni bora kuliko makaa.

2. UMBO NA MWANGA

Watu wengi hawajui kwamba umbo la dirisha hula mwanga. Tuchukue mfano. Tuseme dirisha lina upana wa sentimeta 80.

Likiwa la mraba, yaani sentimeta 80 kwenda juu na 80 upande, uwazi wake ni sentimeta za mraba 6,400. Likiwa la mviringo wenye upana ule ule, uwazi wake ni 5,024. Maana yake umepoteza zaidi ya sehemu moja katika tano. Likiwa la pembe tatu, lenye upana ule ule na kimo kile kile, uwazi wake ni 3,200 tu, yaani nusu ya mraba. Gharama ya fundi haikupungua, huenda imezidi. Lakini mwanga umekatwa nusu.

Sasa tazameni dirisha refu lenye kichwa cha upinde. Tuseme lina upana wa sentimeta 80 na kimo cha sentimeta 100, na sehemu ya juu ni nusu ya duara. Uwazi wake ni sentimeta za mraba 7,312. Kama lingekuwa la pembe nne tupu, lingekuwa na 8,000. Umepoteza kidogo tu, karibu sehemu moja katika kumi na mbili. Kwa hiyo katika maumbo yote ya pekee, upinde ndio unaotoa uzuri bila kuiba mwanga mwingi.

Chumba kinahitaji uwazi kiasi gani? Kipimo kinachofaa ni hiki: madirisha yote ya chumba yakijumlishwa, yasipungue sehemu moja katika kumi ya sakafu. Chumba cha meta 3 kwa meta 3 kina sakafu ya meta 9 za mraba. Kinahitaji uwazi wa meta 0.9, yaani sentimeta za mraba 9,000. Dirisha moja la upinde kama lile tulilolitaja halitoshi. Mawili yanatosha na kuzidi. Tena mawili ni bora kuliko moja kubwa, kama yamewekwa katika kuta mbili mbalimbali, maana hewa huingia kwa moja na kutoka kwa jingine. Dirisha moja peke yake ni kama chupa yenye mdomo mmoja.

3. NANI ATABEBA UKUTA?

Kila dirisha ni tundu katika ukuta. Matofali yaliyo juu ya tundu hutaka kuanguka. Ni lazima pawe na kitu cha kuyabeba. Kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni kulaza boriti ya mti au ya zege juu ya tundu. Njia hii hufaa kwa dirisha la pembe nne. Boriti ipite upande huu na upande huu kwa sentimeta 20 au zaidi, ili ikae juu ya ukuta mzima. Boriti ya mti mbichi hujikunja, na mchwa huila. Ikioza, ukuta hupasuka kama ngazi kutoka pembe ya dirisha. Wengi wenu mmeona nyufa za namna hiyo.

Njia ya pili ni upinde. Upinde hauna boriti. Matofali yenyewe hushikana. Kila tofali linataka kuanguka, lakini jirani zake wanalibana, na uzito wote unasukumwa pande mbili hata kwenye ukuta ulio kando. Ndiyo maana watu wa kale waliweza kujenga pinde kubwa pasipo chuma.

Mahali pengi duniani, kitu kinachopatikana ndicho kinachoamua umbo la nyumba. Huko Lamu, katika pwani ya Kenya, vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, nazo si ndefu. Huko Misri, katika miaka ya 1940, msanifu mmoja aitwaye Hassan Fathy alipewa kazi ya kujenga kijiji cha wakulima, Gourna Mpya, karibu na Luxor. Mbao na chuma vilikuwa ghali mno. Akawaita mafundi Wanubi kutoka upande wa Aswan, waliojua kujenga pinde na hata paa kwa matofali ya udongo yasiyochomwa. Hivyo zilijengwa nyumba zenye umbo zuri, si kwa sababu ya kutumia fedha nyingi, bali kwa kutumia akili na udongo.

Ninyi wa Ituri mna udongo mwema wa matofali, na mna kuni za kuchomea. Upinde unafaa kwenu kuliko dirisha la pembe sita la kiwandani.

Lakini angalieni. Upinde unasukuma pande mbili. Kama dirisha liko karibu mno na pembe ya nyumba, utaisukuma pembe nje. Acheni ukuta mzima usiopungua sentimeta 60 kati ya dirisha na pembe ya nyumba, na kati ya dirisha na dirisha pia. Upinde mrefu, wa nusu duara, husukuma kidogo. Upinde mfupi, uliolala, husukuma zaidi. Kama ukuta wako ni mwembamba, chagua nusu duara.

4. KAMA NYUMBA NI YA MITI NA UDONGO

Katika nyumba ya miti na udongo, kazi ya kubeba ni ya miti, wala si ya udongo. Upinde wa udongo katika ukuta huo ni sura tu. Kwa hiyo kanuni ni moja: usikate mti wowote wa kusimama kwa ajili ya dirisha. Pima nafasi iliyo kati ya mti na mti, uweke dirisha la pembe nne humo, na ufunge mti mmoja wa kulala juu yake na mmoja chini yake.

Ukitaka dirisha la mviringo katika ukuta huo, lifanye dogo. Kunja fito mbichi ziwe pete, uzifunge kwa kamba imara katikati ya miti miwili, kisha upake udongo. Pete ya sentimeta 30 huingiza hewa vizuri. Lakini pete hiyo ni ya nyongeza. Isichukue mahali pa dirisha kubwa.

5. NAMNA YA KUJENGA UPINDE

Fundi mwashi mwema anajua kazi hii, lakini mwenye nyumba akijua pia, hadanganywi. Fanyeni hivi.

Kwanza, fanyeni kalibu ya mbao. Laza mbao chini. Pigilia msumari, ufunge uzi wenye urefu wa nusu ya upana wa dirisha. Kwa dirisha la sentimeta 80, uzi ni sentimeta 40. Funga kipande cha makaa mwisho wa uzi, uchore nusu ya duara. Kata mbao mbili kwa mchoro huo, uziunganishe kwa vipande vya mbao juu yake. Kalibu hiyo moja itatumika kwa madirisha yote ya nyumba, na jirani ataazima.

Kama mnataka upinde mfupi, wenye kupanda sentimeta 10 tu kwa dirisha la sentimeta 80, uzi uwe sentimeta 85, na msumari uwe sentimeta 75 chini ya mstari ambapo upinde unaanza.

Pili, simamisheni kalibu juu ya miti miwili, na chini ya miti wekeni kabari. Hakikisheni kwa pima maji kwamba haikulala upande.

Tatu, pangeni matofali juu ya kalibu kabla ya kuweka udongo au saruji, ili kuhesabu. Yasimame kwa ubavu. Tofali lenye unene wa sentimeta 6 likitumika, dirisha la sentimeta 80 litachukua matofali 19. Hesabu isiyogawanyika kwa mbili ndiyo inayofaa, ili tofali moja liwe katikati kabisa juu. Hilo ndilo la kufunga upinde.

Nne, anzeni kujenga pande mbili pamoja, moja huku na moja huku, mkipanda kwa kulingana. Mkijenga upande mmoja tu, kalibu itasukumwa. Chini ya tofali udongo uwe mwembamba, juu uwe mnene. Tofali la kati liingie mwisho, kwa kubana.

Tano, acheni upinde ukauke. Kama ni saruji, ngojeni siku 7 na kuumwagilia maji kidogo kila siku. Kisha legezeni kabari polepole, mshushe kalibu. Msiipige kwa nyundo.

Kwa kufunga dirisha la upinde, wengi hujisumbua kutafuta seremala wa kukata mlango wa dirisha wenye kichwa cha mviringo. Kazi hiyo ni ghali, na mbao nyingi hutupwa. Fanyeni njia rahisi. Sehemu ya chini iwe na mbao za pembe nne zenye bawaba, za kufungua na kufunga. Nusu duara ya juu ijazwe kwa matofali yenye matundu, ambayo mafundi wengine huyaita klostra, na nyuma yake wavu wa waya. Hivyo hata usiku, dirisha likifungwa, hewa ya moto na chafu hutoka kwa juu. Hapa uzuri na faida vimekutana.

6. DIRISHA LA MVIRINGO NA MAHALI PAKE

Dirisha la mviringo lina mahali pake. Mahali hapo ni juu, katika ile sehemu ya ukuta yenye pembe tatu chini ya mgongo wa paa. Hewa ya moto hupanda. Chini ya manjanja, saa sita mchana, joto ni kali. Tundu la mviringo la sentimeta 40 katika kila upande wa nyumba hulitoa joto hilo. Katika jiko, tundu la namna hiyo hutoa moshi unaowaumiza mama na watoto wachanga macho na kifua. Huko juu hamhitaji fremu ya mbao wala kioo. Wekeni wavu wa waya tu, na paa lipite nje ya ukuta vya kutosha ili mvua isiingie.

Chini, katika chumba cha kulala, dirisha la mviringo halifai kuwa dirisha la pekee. Fremu yake hukatwa kwa vipande vinne vya mbao vilivyopinda, nayo hula mbao nyingi. Mara nyingi fundi, akishindwa kuifungua, huweka kioo kisichofunguka. Chumba kinakuwa na mwanga, lakini hakina hewa.

Madirisha ya pembe tatu na ya pembe sita yana shida hiyo hiyo. Tena pembe ya chini ya pembe sita hukusanya maji ya mvua, nayo huingia ukutani. Kama mnayapenda sana, fanyeni moja dogo sebuleni kuwa pambo, nanyi mhesabu kwamba halimo katika ile sehemu moja ya kumi.

7. DIRISHA LITAZAME WAPI?

Bunia iko karibu na mstari wa ikweta. Jua linapita karibu juu ya kichwa mwaka mzima. Asubuhi huwa chini upande wa mashariki, na jioni huwa chini upande wa magharibi. Kwa hiyo ukuta wa magharibi hupigwa na jua la jioni, na chumba kikipata joto hilo, huwa na joto hata usiku. Madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini. Upande wa mashariki dirisha dogo ni jema. Upande wa magharibi wekeni dogo, au pandeni mti wa kivuli mbali kidogo na ukuta.

Ninyi mnaokaa chini kwenye ziwa Albert, kama Kasenyi, mko katika nchi ya joto kuliko Bunia, maana ziwa liko chini sana. Kwenu madirisha yawe makubwa zaidi, na neno hili la kaskazini na kusini ni la lazima.

8. MBU, PANYA NA MOSHI WA DHAHABU

Wako wasemao, "Dirisha huleta mbu." Ni kweli, mbu huingia, lakini wengi huingia pia katika nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Dawa si kuziba dirisha. Dawa ni wavu wa waya, wenye matundu madogo, uliopigiliwa kwenye fremu pasipo kuacha nafasi. Huko Gambia, taarifa iliyotolewa mwaka 2009 ilionyesha kwamba nyumba zilizowekewa wavu katika milango na madirisha, na kuzibwa chini ya paa, zilipata mbu pungufu kwa zaidi ya nusu, na watoto wenye upungufu wa damu walipungua. Hata hivyo msiache chandarua. Angalieni pia kwamba wavu ni rahisi kufaa katika dirisha la pembe nne. Katika mviringo ni vigumu kuubana vizuri.

Neno la panya ni kubwa katika nchi yenu. Tauni inajulikana upande wa Aru, Mahagi na Djugu. Mwaka 2020 wagonjwa walionekana katika eneo la afya la Rethy. Panya hufuata mahindi na maharagwe yaliyowekwa ndani ya nyumba ya kulala, na viroboto vyao huwafuata watu. Jengeni ghala mbali na chumba cha kulala. Ghala nayo inahitaji hewa ili nafaka isiote ukungu. Tundu dogo la mviringo, lililo juu, lenye wavu wa waya mgumu, ndilo linalofaa hapo.

Sasa neno la dhahabu. Wachimbaji wengi hukusanya dhahabu kwa zebaki, ile dawa nzito ya rangi ya fedha, kisha huichoma ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Wengine hufanya hivyo jikoni, juu ya mbabula ile ile ya chakula, wakifungua dirisha na kudhani kwamba inatosha. Haitoshi. Mvuke wa zebaki hauonekani. Huingia katika mapafu, hushika ukuta, paa na nguo, nao huendelea kutoka polepole siku nyingi. Huharibu mishipa ya fahamu, mikono hutetemeka, na mtoto aliye tumboni huumia zaidi. Hakuna dirisha, la umbo lolote, linaloweza kuisafisha nyumba ambayo zebaki imechomwa ndani yake. Ichomwe mbali na nyumba, mahali pa wazi, katika chombo kilichofungwa kinachourudisha mvuke, wala mama mwenye mimba na watoto wasiwe karibu. Kama nyumba yenu ilijengwa kwa fedha ya dhahabu, isiwe nyumba ya kuwaua waliokusudiwa kuifurahia.

9. NJIA YA KUTOKEA

Watu wa Djugu na Irumu hawahitaji kuambiwa habari za nyumba kuteketea. Katika vita vya mwaka 1999 hata 2003 vijiji vingi viliungua, na tena tangu mwisho wa mwaka 2017. Watu wengi wanajenga upya. Kwa sababu ya wezi na hofu, hupenda kuweka vyuma katika madirisha yote. Si vibaya. Lakini nyumba yenye mlango mmoja, na vyuma vilivyoshikwa na saruji katika kila dirisha, siku mlango ukishikwa na moto, hakuna atakayetoka.

Basi katika kila chumba cha kulala, dirisha moja liwe na upana usiopungua sentimeta 60 na kimo kisichopungua sentimeta 80, na chini yake pasizidi meta moja kutoka sakafuni. Vyuma vyake viwe katika fremu yenye bawaba, vifungwe kwa komeo la ndani lisilohitaji ufunguo. Mfundisheni kila mtoto kulifungua gizani. Dirisha la mviringo lililo juu, na lile la pembe tatu, haviwezi kufanya kazi hii. Dirisha refu la upinde linaweza.

10. WAKATI NA GHARAMA

Fyatueni matofali wakati wa ukame, mwezi wa Desemba hata Februari, wakati ambapo kazi ya shamba imepungua. Matofali yakauke kivulini kwanza, kisha ndipo yachomwe. Shimo la udongo liwe mbali na nyumba, na mkimaliza lifukieni au mlipande migomba, maana shimo lenye maji ni shamba la mbu.

Mbao za fremu ziwe kavu. Mikaratusi hukua upesi na kuni zake ni njema, lakini mbao zake mbichi hujikunja, na dirisha halitafungika. Muvula na libuyu ni imara zaidi. Zikiwa ghali, nunueni mapema, mzipange chini ya paa kwa miezi kadhaa na vipande vya mti kati yake ili hewa ipite. Mtu anayejua kwamba atajenga baada ya miaka kumi na apande miti yake leo kwenye mpaka wa shamba.

Kama fedha haitoshi kwa yote, fuateni utaratibu huu. Kwanza, dirisha la kutosha katika kila chumba cha kulala, linalofunguka, hata likiwa la mbao tupu. Pili, tundu la juu la kutoa moshi jikoni. Tatu, wavu wa waya. Nne, pinde, maana gharama yake ni kalibu moja na uvumilivu. Mwisho, kioo. Wengi huanza kwa kioo, nao hawayafikii yaliyo ya kwanza.

Sasa nendeni mkaitazame nyumba mliyo nayo. Ingieni chumba wanamolala watoto, mfunge mlango, mngoje kidogo. Kama ni giza, kama hewa ni nzito, kama hapana njia ya kutokea ila mlango, basi kazi iko hapo, wala haihitaji kungoja nyumba mpya. Tundu moja katika ukuta, lililopimwa vizuri, lenye upinde wa matofali 19 juu yake, linaweza kujengwa kwa siku chache. Fanyeni hilo kwanza, na jirani akija kuuliza, mwazimeni kalibu.